Nembo ya Karakana ya Pia

Mistari ilianza kujichora yenyewe saa nne asubuhi.

Bi Mwanamvua Sengasu, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha ngozi, kofia ya nyuzi laini kichwani, mikono yake mikavu imelala mapajani. Hakugusa kitu. Mbele yake, juu ya meza ya nuru, ulitokea mstari mwembamba, ukapinda, ukatafuta njia kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi, kisha ukashika umbo. Likatokea tumbo la pia ya kuchezea. Ikatokea ncha yake. Mwisho ukatokea mstari mwekundu ulioizunguka kiunoni, ambao miisho yake haikukutana. Palikuwa na pengo dogo, upana wa punje ya mchele.

"Ndiyo hiyo," alisema Bi Mwanamvua, na machozi yakamtoka.

Hidaya Mntambo alimpa kitambaa. Alikuwa mbunifu wa nembo, na katika miaka kumi na moja ya kazi yake hapo jijini Tanga alikwishawaona wengi wakilia kwenye kiti kile. Alikuwa amejifunza kunyamaza mpaka mtu amalize.

Chombo chenyewe kiliitwa kinasahamu. Zamani mbunifu alimuuliza mteja maswali, akaenda zake, akachora kwa kubahatisha, akarudi na karatasi tatu, na mteja akachagua ile aliyoichukia kidogo kuliko nyingine. Kinasahamu kilifuta usumbufu wote huo. Nyuzi za kofia zilifuata njia ambazo kumbukumbu hupita, zikatafuta mahali penye joto kuliko kwingine, hamu ile inayomshika mtu anaponusa moshi wa jiko la kwao baada ya miaka mingi. Kisha chombo kikalitafsiri joto hilo kuwa umbo na rangi. Nembo iliyozaliwa hivyo ilipendwa hata na wasiomjua mwenye kumbukumbu. Watu waliipita, wakapunguza mwendo, wakatabasamu bila kujua wanatabasamia nini.

"Pole, mama," alisema Hidaya. "Ungependa kunieleza ni pia gani hii?"

Bi Mwanamvua alimtazama binti yake, Bi Sikujua, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba magotini. Sikujua akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejua hadithi inaanzia wapi.

"Ni ya Tunu," alisema mama. "Mwanangu wa kwanza, kabla ya huyu. Alikuwa na miaka minne, homa imemlaza siku ya tisa, hawezi hata kukaa. Baba yake, Salehe, alikuwa fundi vitanda. Akachukua kipande cha mvule kilichobaki kwenye tendegu, akakichonga pia. Mimi nikaipaka mstari kwa rangi yangu ya kucha. Rangi ikaisha kabla sijafunga duara. Salehe akaweka sinia kitandani, akaizungusha pale juu ya sinia. Ilipozunguka, lile pengo likapotea, mstari ukawa mzima. Tunu akacheka. Akasema, tena. Tukaizungusha mpaka mikono ikauma. Jumapili yake akafariki."

Akajifuta macho.

"Baada ya hapo Salehe akawa anachonga pia za watoto wa mtaa mzima. Hakuweza kuacha. Ndiyo karakana ilivyoanza."

Karakana hiyo ilikuwa na wanawake sita tu. Walitengeneza pia, magari ya mbao na wanasesere wa vitambaa, na kwa miaka hamsini na sita ilikuwa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani. Lakini bahari ilikuwa imepanda. Mitaa ya chini ilikuwa ikihamishwa mmoja mmoja kwenda Pongwe, kwenye Soko la Juu, jengo la ghorofa arobaini lenye kuta-hai zinazobadili sura kama ngozi ya kinyonga. Huko hakuna mtu aliyetafuta duka kwa kuuliza njia. Kila mnunuzi aliongozwa na kielekezi, kijimashine cha ukubwa wa ndimu kilichoelea mbele yake, na vielekezi vilitambua nembo tu. Duka lisilo na nembo iliyosajiliwa, kwao lilikuwa ukuta mtupu. Usajili ulikuwa unafungwa baada ya siku tisa. Ukifungwa, karakana nayo imefungwa.

Ndiyo maana Sikujua alikuwa amemleta mama yake pale.

Hidaya aliifanyia kazi ile pia kwa siku mbili. Alilainisha mistari yake, akaiinamisha kidogo ionekane inazunguka, akauchagua wekundu unaokaribia ule wa rangi ya kucha. Kipima-mvuto kilipoipima, kilitoa alama tisini na saba kwa mia. Hakuwahi kupata zaidi ya tisini na nne. Aliituma picha kwa Sikujua na kwenda nyumbani mapema, amefurahi.

Siku ya tatu Sikujua alikuja ofisini bila miadi.

"Shikamoo, Bi Sikujua. Umeiona nembo?"

"Marahaba. Nimeiona. Ni nzuri mno." Alikaa, lakini hakuuweka mkoba chini. "Nimekuja kwa jambo lingine. Jana walikuja wageni nyumbani, wakamwomba mama awaeleze habari za Tunu. Yeye huisimulia kila mara, na kila mara sauti humkatika pale penye 'tena'. Mimi nimeisikia tangu nina akili, na bado pale hunipata. Jana aliisimulia yote. Hakuacha kitu. Lakini alikuwa kama anayesoma utabiri wa hali ya hewa."

"Labda alikuwa amechoka."

"Nilidhani hivyo. Walipoondoka nikamuuliza. Akaniambia, 'Sikujua, najua kwamba nilimpenda. Nimekaa hapa namtafuta, sioni ninapomshika.'" Sikujua alimtazama Hidaya moja kwa moja. "Chombo chenu kimemfanya nini mama yangu?"

Hidaya alimjibu yale aliyofundishwa kuwajibu wateja: kwamba kinasahamu husoma tu, hakichukui, kwamba kumbukumbu hubaki kama ilivyokuwa. Sikujua alisikiliza, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Hidaya alibaki ametazama mlango.

Kilichomsumbua kilikuwa ni lile neno "ninapomshika". Alifumba macho, akaliita duka la baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuvaa kofia ile, wakati kampuni ilipokuwa na wafanyakazi watano na kinasahamu hakijawahi kujaribiwa. Walimsoma duka la baba yake la kushona viatu, Makorora: dirisha la manjano, harufu ya gundi, baba anamwekea misumari midogo kwenye kifuniko cha chupa aipange. Dirisha lile la manjano ndilo lililokuja kuwa nembo ya kampuni yenyewe. Lilikuwa juu ya jengo, kwenye vikombe, kwenye fulana za wafanyakazi.

Vyote alivikumbuka. Misumari, kifuniko, hata chapa ya gundi. Alivipanga kimoja kimoja, akasubiri kitu kimguse. Hakuna kilichomgusa. Ilikuwa kama kutazama picha za familia ya jirani. Na alipojaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho habari za baba yake zilimpa lile fundo la koo, alikuta ni kabla ya siku ile ya majaribio. Miaka kumi na moja, na hakuwahi kujiuliza.

Alishuka ghorofa mbili hadi kwa mhandisi Ngereza, aliyekitunza kinasahamu tangu mwanzo. Ngereza alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani yake hata ikiwa safi.

"Kinachoka, siyo?" Hidaya alimuuliza. "Kile tunachokisoma. Kinachakaa."

Ngereza hakujifanya haelewi. Alivua miwani.

"Tunaiita mnyauko. Imo kwenye ripoti ya kwanza, kiambatisho cha sita. Ili kulipata joto, lazima nyuzi ziliamshe lote kwa pamoja, kwa nguvu ambayo mwili haujazoea. Likishaamshwa hivyo, haliamki tena. Ila fahamu, hakuna kumbukumbu inayopotea, Hidaya. Mtu anabaki na kila kitu, majina, tarehe, sura za watu. Kinachoondoka ni joto tu."

"Joto tu."

"Wanasheria waliona si madhara, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha. Mtu ataenda mahakamani aseme nini? Kwamba zamani alikuwa akimkumbuka mama yake vizuri zaidi?"

"Na mimi? Ulijua nilipovaa ile kofia?"

"Kwako ndiko tulikogundua," alisema Ngereza kwa sauti ya chini. "Tulikupima tena baada ya wiki. Nilitaka kukwambia. Kisha kazi zikawa nyingi."

Hidaya aliitazama fulana ya Ngereza. Kifuani palikuwa na dirisha dogo la manjano. Alijiona hana hata hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

Kesho yake alikwenda Ngamiani. Nusu ya Barabara ya Kumi na Nne ilikuwa imekwishahamwa, milango imetiwa mbao, na maji ya chumvi yalikuwa yameacha alama nyeupe kwenye kuta kimo cha goti. Karakana ilikuwa wazi. Wanawake walikuwa kazini, vumbi la mbao limewajaa nywele. Bi Mwanamvua alikuwa juu ya mkeka na msasa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Hidaya alikaa mkekani, akamweleza yote, bila kujitetea: mnyauko, kiambatisho cha sita, kwamba yeye mwenyewe hakujua, na kwamba alipaswa kujua. Sikujua alisimama nyuma yao ameacha kazi. Hidaya alipomaliza, Bi Mwanamvua aliendelea kusugua kile kipande cha mti kwa muda.

"Kinarudi?" aliuliza.

"Hakirudi, mama."

"Mm." Alipuliza vumbi. "Nitakwambia kweli. Miaka hamsini na sita nimekuwa nikifungua kopo la rangi nyekundu na moyo unaniuma. Kila kopo. Jana nimefungua, nimepaka pia ishirini, hakuna kitu. Mkono mwepesi. Sijui kama umeniibia au umenitua mzigo. Lakini mzigo ule ulikuwa wangu. Ungeniuliza kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Ningekukatalia."

"Najua."

Sikujua alikuja akachuchumaa karibu na mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, nikusimulie mimi?"

"Nini?"

"Habari za Tunu. Nikusimulie mimi, vile ulivyokuwa ukinisimulia."

Bi Mwanamvua aliuweka msasa chini. Sikujua akaanza. Alianza na homa ya siku ya tisa, na kipande cha tendegu, na rangi ya kucha iliyoisha. Alizitumia sauti za mama yake, mapumziko ya mama yake, hata ile tabia ya kushusha sauti anapolitaja jina la Salehe. Yeye hakuwahi kumwona Tunu. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya msiba. Lakini alipofika kwenye neno "tena", sauti ilimkatika, na akashindwa kuendelea.

Bi Mwanamvua alinyoosha mkono, akaanza kumsugua binti yake mgongoni polepole.

"Kumbe iko huku," alisema.

Wanawake wale wengine walikuwa wameacha kazi. Feni kuukuu ilizunguka kwenye kona.

Zilibaki siku tano. Hidaya aliwaambia kwamba sheria inamruhusu mteja kuikataa nembo kabla haijasajiliwa, na kwamba akiikataa, kampuni hairuhusiwi kuitumia popote. Bi Mwanamvua akasema anaikataa. Hidaya akarudi ofisini, akaifuta ile pia ya alama tisini na saba kutoka kwenye meza ya nuru, akaandika barua fupi ya kuacha kazi, na mchana huohuo akarejea Ngamiani na daftari na penseli tatu alizozinunua njiani.

Hakuwa amechora kwa mkono tangu chuoni. Mistari yake ilitetemeka. Siku mbili za mwanzo alichora pia, pia na pia, na zote zilikuwa mbaya. Mmoja wa wale wanawake alimwambia kwa huruma kwamba ile ya tatu kutoka juu inafanana na kitunguu.

Siku ya tatu, akiwa amekata tamaa, aliipindua pia moja ya zamani iliyokuwa rafuni. Juu yake, pale kamba inapoanzia, palikuwa na maandishi madogo yaliyochomwa kwa msumari wa moto. Herufi zilikuwa zimepinda, baadhi zimezama kuliko nyingine. Yaliandikwa: *pia Hasani.*

"Hizi ni nini?" aliuliza.

"Ah, ni za baba," alisema Sikujua. "Kila pia aliyochonga aliichoma jina la mtoto. Ya kwanza kabisa aliandika 'pia Tunu', yaani pia yake Tunu. Basi watoto wa mtaa walipoiona wakaanza kumjia, 'Mzee Salehe, na mimi pia.' Akacheka sana. Tangu siku ile aliandika hivyohivyo. Pia Hasani. Pia Mwajuma. Maana yake ni pia ya Hasani, na maana yake ni Hasani naye yumo."

Hidaya alipitisha kidole juu ya maandishi yale. Aliuliza kama zipo nyingine. Sikujua akamletea kapu zima, pia zilizorudi kutengenezwa na hazikufuatwa tena na wenyewe, kwa sababu wenyewe walikua. Hidaya alikaa nazo hadi alasiri, akinakili herufi tatu tu: p yenye mguu mrefu, i yenye nukta iliyozama, a iliyofungwa vibaya. Hakuzilainisha. Sikujua akampa msumari na jiko la mkaa, akamfundisha kuchoma kwenye kibao, na vidole vyake viwili viliungua kabla hajaweza.

Nembo waliyoipeleka kusajiliwa ilikuwa hiyo: neno moja, *pia*, rangi ya mti ulioungua juu ya mti mbichi, na mbele yake nafasi tupu. Karatasi za kufungia, vitambulisho vya bei, mifuko, vyote vilikuwa na neno lile na nafasi ile. Duka likimuuzia mtoto pia, jina lake litachomwa palepale.

Karani wa usajili Pongwe aliipindua mara mbili. "Hapa mmesahau kujaza," alisema.

"Hatukusahau," alijibu Sikujua. "Hapo ndipo mtoto anapokaa."

Kipima-mvuto kiliipa alama hamsini na mbili. Kiwango cha chini cha kusajiliwa kilikuwa hamsini. Karani aligonga muhuri wake, na siku ya pili yake vielekezi vilianza kuwaleta watu ghorofa ya kumi na saba. Hawakuja wengi, lakini walikuja, na wengi wao walikaa kuliko walivyokusudia, wakingoja msumari upate moto. Bi Mwanamvua alikuwa kwenye kiti mlangoni, akiwauliza watoto majina yao na kuyatamka kwa sauti mara mbili, ili mchomaji asikosee.

Hidaya hakubaki nao. Alikuwa na kazi nyingine aliyojipa mwenyewe. Katika miaka kumi na moja alikuwa amewavisha watu mia mbili na kumi na wanne ile kofia, na majina yao aliyajua. Aliamua kwenda kwa kila mmoja, kumwambia kwa mdomo wake.

Alianza na mwalimu mstaafu aitwaye Mahimbo, aliyekuwa na duka dogo la kujalidi vitabu huko Maweni. Miaka tisa iliyopita Hidaya alikuwa amemsoma kumbukumbu ya bibi yake akimfundisha kusoma, wakifuata mistari kwa unyoya wa kuku. Unyoya ule bado ulikuwa juu ya mlango wa duka, nembo nzuri ya kijivu na nyeupe.

Mwalimu Mahimbo alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho, mikono imekaa juu ya kitabu kisicho na jalada. Kisha alikisogeza kitabu kando.

"Nilidhani ni uzee," alisema. "Nilidhani ndivyo watu wanavyokuwa."

"Nisamehe, mwalimu."

Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alitazama nje dirishani.

"Naomba nikuulize," alisema Hidaya. "Kabla ya siku ile, kuna mtu uliyekuwa ukimsimulia habari za bibi?"

Aliuliza polepole, kwa sababu swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe kwanza. Habari za baba yake, za kifuniko cha chupa na misumari, hakuwahi kumsimulia mtu yeyote. Alikisimulia kinasahamu tu.

Mwalimu Mahimbo alifikiri. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Mke wangu," alisema. "Nilimsimulia tulipokuwa wachumba. Nilimchosha kabisa." Akageuka kuelekea mlango wa ndani. "Mama Nuru. Hebu njoo kidogo, uache hivyo vyombo."

Alitoka mwanamke mnene mwenye kitenge kifuani, anajifuta mikono. Alimsalimia mgeni, akamtazama mumewe, akaona kuna jambo.

"Bibi yangu na ule unyoya," alisema mwalimu. "Unaikumbuka ile?"

"Niisahau vipi," alisema Mama Nuru, na tayari alikuwa ameanza kutabasamu. Alivuta kigoda, akakaa katikati yao wawili. "Basi, kuku mwenyewe alikuwa mweupe, na huyu mume wangu alikuwa anamwogopa."